Ng'ombe Aliyehamishiwa Mkiwa

Mwezi wa kumi na moja ulikuwa umefika katikati na mvua ilikuwa haijaanguka. Upande wa msitu wa Mgori miti ilishatoa majani mapya, mekundu na laini, kama inavyofanya kila mwaka kabla ya tone la kwanza. Mashamba yalikuwa bado vumbi tupu. Watu walishachoma mabua, walishatengeneza mipini ya majembe, na sasa waliangalia juu mara nyingi kuliko walivyoangalia walikokuwa wanakwenda.

Damari alikuwa hatulii. Alifagia uwanja asubuhi, akaufagia tena mchana. Alikwenda shambani kwake bila jembe, akasimama, akarudi. Binti yake Pendo alimwambia, "Mama, kaa basi, unanichosha macho," naye akakaa, kisha akakumbuka kwamba kuni hazijapangwa.

Sababu aliijua mwenyewe. Mumewe, Frank, alifariki mwaka uliopita mwezi wa tano. Siku mbili kabla, akiwa amelala hospitalini mjini Singida, alimwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu mwingine yeyote. Alikuwa na ng'ombe jike amemweka kwa rafiki yake Nathanaeli, mzee anayeishi kitongoji cha mwisho karibu na msitu. Mzee huyo alikuwa amemtunza miaka minne. Maziwa na samadi ni vya Nathanaeli, kama ilivyo desturi, lakini ng'ombe na uzao wake ni mali ya Frank. Uzao wenyewe ni madume wawili, waliokaribia kufungwa nira. "Usimwambie Obadia," alisema. "Walete ulimie."

Obadia alikuwa mdogo wake Frank. Ndiye aliyekuwa na maksai na plau katika ukoo, na kila mwaka aliwalimia ndugu zake wote bila kudai kitu. Lakini alianza na shamba lake, akafuata la mama yake, la dada yake, la jirani aliyemsaidia kujenga. Shamba la Damari lilikuja mwisho. Mwaka uliopita alizeti yake ilitoa maua mvua ikiwa imekwisha, na alipovuna, vichwa vilikuwa vikubwa kama sahani na ndani hamna kitu. Walikula uwele wa kuazima mpaka mwezi wa saba. Mwaka huu kama angepanda mwisho tena, Pendo angeondoka shuleni, hilo halikuhitaji kujadiliwa.

Kwa hiyo aliwataka wale madume, na aliwataka kabla mvua haijaanza. Ila hakujua namna ya kwenda. Mtu akiweka ng'ombe kwa mwenzake huku kwetu hatangazi. Ni wawili tu wanaojua, pengine na shahidi mmoja, na Frank hakuwa ameweka shahidi. Nathanaeli alikuja msibani, akala, akakaa kimya siku mbili, akaondoka. Damari angekwenda peke yake na mzee akasema, "Ng'ombe gani?", angemtajia rangi alizoambiwa na mumewe, lakini nani angemshuhudia?

Jambo hili alilisema mahali pamoja tu, kwenye kikundi cha wajane.

Kikundi kilikutana kila Alhamisi saa tisa alasiri katika ghala la kijiji. Jumanne ghala hilo lilikuwa darasa la kisomo la watu wazima, Jumamosi wasuka vikapu, Alhamisi wajane. Walikuwa kumi na moja, na mwenyekiti wao Flora alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila mara kabla ya kuketi: kinachosemwa kwenye mkeka hakitoki nje ya mlango. Na kweli kilikuwa hakijawahi kutoka.

Kisha kata ikatangaza Siku ya Vikundi. Kila kikundi kitaonyesha kazi yake uwanjani, wa kisomo watasoma barua walizoandika wenyewe, kwaya zitaimba, wasukaji wataleta vikapu. Flora alisema wajane watacheza igizo.

"Tunalia humu kila Alhamisi mpaka mkeka umechakaa," alisema. "Wanaume hawajui tunalilia nini. Mtu anakufa na siri zake, anamwachia mke kazi ya kukisia. Tuwaambie waseme wangali na pumzi."

"Tuwaambie kwa habari ya nani?" Lea aliuliza. Lea alikuwa mjane mkubwa kwa umri na kwa mwili, na ndiye aliyekwisha kujitwalia sehemu ya mume anayekufa.

Wote hawakumtazama Damari, na kwa namna hiyo alijua.

"Tutabadilisha kila kitu," Flora alisema. "Mama Pendo, hata wewe mwenyewe hutajitambua."

Damari alifikiri wiki nzima. Alikubali kwa sababu moja: alitumaini kwamba Nathanaeli akisikia igizo la namna hiyo, hata kwa kusimuliwa, dhamiri ingemsukuma aje mwenyewe.

Kazi ya kubadilisha walimpa Sixbert. Sixbert alikuwa fundi baiskeli aliyefundisha kisomo siku za Jumanne, na watu walimwita mwalimu ingawa shule aliishia la saba. Alikuwa mtu wa utaratibu. Alikuja ghalani na daftari, akachora mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja akaandika vya kweli, upande mwingine vya igizo, akawasomea.

"Jina la marehemu, tumebadilisha. Jina la mjane, tumebadilisha. Kijiji ni Mkiwa, siyo hapa. Mume hakuugua tumbo, aliugua kifua. Watoto ni wanne, siyo mmoja. Ndugu wa mume ni dada, siyo mdogo wake. Rafiki aliyetunza ng'ombe ni fundi seremala." Akainua kichwa. "Kuna kingine?"

Wanawake walifikiri kwa uaminifu.

"Koti," Lea alisema. "Koti mlilonipa nifie linanuka moshi."

"Kingine?"

Hakukuwa na kingine. Wakafanya mazoezi mara nne. Mara zote nne Damari alikuwepo, akicheza jirani anayeleta uji, na mara zote nne hakusikia kitu cha kumshtua.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, na joto lilikuwa la kukaba. Mawingu yalikuja kutoka mashariki, yakakaa kidogo, yakaondoka. Watu wa vitongoji vyote walijaa uwanjani. Wa kisomo walisoma barua zao, na baba mmoja wa miaka sitini alisoma yake polepole, neno baada ya neno, mpaka mwisho, watu wakampigia makofi akakataa kurudi kukaa, akaisoma tena. Damari aliona Obadia amesimama nyuma, ameegemea baiskeli yake. Alitafuta sura ya Nathanaeli, hakuiona.

Walipoitwa wajane, Lea alilala kwenye mkeka na koti na kofia, na watu walicheka kabla hajasema neno. Alikufa kwa muda mrefu sana. Alikohoa, akainuka, akaomba maji, akalala tena.

"Kufa basi, tuna njaa," mtu alimwambia kutoka kwenye umati.

"Nife na mali sijaigawa?" Lea alijibu, na hiyo haikuwemo kwenye daftari. Kisha akamshika mkono mwanamke aliyecheza mkewe, akashusha sauti, na uwanja ukatulia.

"Mke wangu, nina ng'ombe jike hapa Mkiwa kwa yule fundi seremala. Ni mwekundu, ana mstari mweupe mgongoni kutoka begani mpaka kiunoni. Pembe yake ya kushoto imelala. Mkia wake ni mfupi, fisi aliukata akiwa ndama. Kamchukue, ila dada yangu asijue, atakunyang'anya."

Damari alikuwa amesimama pembeni na bakuli la uji, akingoja zamu yake. Ndipo aliposikia. Ni maneno aliyoyasikia mara nne ghalani, na aliyempa Sixbert ni yeye mwenyewe. Lakini ghalani masikio yote yalikuwa ya watu waliokwisha kujua. Walibadilisha watu, kijiji, ugonjwa na idadi ya watoto, na hakuna hata mmoja wao aliyefikiria kumbadilisha ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe asiye na rangi yake wangemsemaje? Bila rangi, hakuna mtu kijijini Mgori ambaye angeelewa anaambiwa habari ya ng'ombe gani.

Mstari wa mbele alikaa Mzee Simoni, aliyekuwa msimamizi wa josho. Kila Ijumaa ng'ombe wote wa upande ule walipita mbele ya macho yake kwenda kuogeshwa.

"Huyo namjua," alisema, wala hakupaza sauti. "Mkia mfupi, pembe imelala. Huyo si wa Mkiwa. Ni wa zizi la Nathanaeli."

"Siyo huyo, mzee," Lea alisema akiwa amelala. "Huyu ni wa igizo."

"Mwanangu, nimemwogesha miaka mitano."

Watu walicheka, kisha kicheko kikapungua sehemu moja, na sehemu nyingine, wakawa wanahesabu vichwani mwao. Nani alikuwa rafiki wa Nathanaeli? Nani amekufa karibuni? Obadia aliacha kuegemea baiskeli. Alimtazama Damari juu ya vichwa vya watu, na Damari, ambaye angeweza kumtazama tu kama mtu anayeshangaa pamoja na wengine, akainamisha macho kwenye uji.

Alipoyainua, baiskeli ilikuwa haipo.

Alimpa Flora bakuli. "Zamu yangu mtu mwingine aichukue," alisema.

Sixbert alimfuata hatua chache, daftari mkononi. "Mama Pendo, nisamehe. Niliandika yote. Nilipitia mara mbili."

"Tuliyapitia wote, mwalimu," Damari alisema, akaenda.

Barabara ilizunguka, njia ya miguu ilikata kwenye mashamba. Alitembea kwa haraka akiwa bado amejifunga kanga ya igizo. Mara alikimbia, mara aliona aibu kukimbia. Alijisemea maneno ya kumwambia Nathanaeli, akayaacha, akatunga mengine. Zile dalili zilikuwa kitu pekee alichokuwa nacho. Mtu asiye na shahidi angalau angeweza kusema rangi, na mzee angejua kwamba ameambiwa na mwenye mali. Sasa rangi zilijulikana mpaka na watoto. Mtu yeyote angeweza kwenda kwa Nathanaeli na kuzitaja.

Obadia alitangulia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kwenye kivuli cha nyumba, jasho linamtoka, anakunywa togwa. Nathanaeli alikuwa amekaa mbele yake. Kwa sura zao Damari hakuweza kujua kama wameshaongea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama Pendo. Karibu. Mmeshindaje huko?"

"Tumeshinda salama."

"Pendo hajambo?"

"Hajambo. Yuko uwanjani."

"Shule anaendelea?"

"Anaendelea." Alihisi miguu yake inataka kusimama yenyewe. Mke wa mzee alimletea kigoda, akamletea togwa, akamuuliza habari za mguu wa mama mkwe wake, na za mbuzi aliyepotea mwezi wa nane. Alijibu kila kitu. Mbuzi alipatikana. Mguu una nafuu. Obadia alikunywa, akaweka kibuyu chini, akakichukua tena kikiwa kitupu.

Mwishowe Nathanaeli aliuliza, "Haya. Mmekuja wawili, siku moja. Kuna heri?"

"Muulize shemeji," Obadia alisema. "Yeye ndiye mwenye mchezo."

Damari alisema. Yale aliyoyatunga njiani hayakuja, akasema kama yalivyo: mumewe alivyomwambia, siku mbili kabla, kwamba ng'ombe yuko hapa. Aliposimama kuvuta pumzi, mzee alikuwa anaangalia zizi lake tupu, maana ng'ombe walikuwa hawajarudi malishoni.

"Nimengoja mwaka na nusu," Nathanaeli alisema. "Msibani nilitaka kusema. Nikatazama, ndugu huku, mke huku. Nikisema kwa ndugu nimemsaliti aliyeniamini. Nikimwambia mke, kesho nimegombana na ukoo wenu wote. Nikasema, acha. Atakayekuja na rangi zake ndiye aliyeambiwa."

"Rangi zimeshatangazwa uwanjani," Damari alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hata shemeji anazijua."

Mzee alimgeukia Obadia. "Unazijua?"

Damari aliangalia mikono yake. Alimjua Obadia miaka kumi na mitano. Hakuwa mtu mbaya. Alichimba kaburi la Frank kwa mikono yake na hakumpokeza mtu sururu. Lakini madume wawili walio tayari kwa nira si kitu kidogo, na neno moja tu lilihitajika.

"Nazijua tangu saa nane ya leo," Obadia alisema. "Nimezisikia kwa Lea akiwa na koti. Kabla ya hapo kaka yangu hakuniambia kitu." Alisugua paji la uso kwa kiganja. "Hilo ndilo nimekuja kuuliza. Ng'ombe ni wa ukoo, kikao kitakaa, kitasema. Lakini kwa nini alinificha mimi? Nimemnyima nini Frank?"

Mzee akamtazama Damari. Hilo halikuwa lake.

"Ni kwa sababu ya shamba," Damari alisema.

"Shamba gani?"

"Letu. Kila mwaka unalilima la mwisho, shemeji. Hakutaka kukuambia uache la mama yako uje kwetu. Akaona bora awe na ng'ombe wake."

"Angesema."

"Ungefanyaje?"

Mke wa mzee alichukua kibuyu akaenda kukijaza, ingawa hakuna aliyeomba.

"Kikao kikae," Damari alisema. "Sikikatai. Ng'ombe mkubwa abaki hapa mpaka waamue, sitamgusa. Lakini wale madume wawili nawataka leo, nikalime. Wazee wa kikao wakae nikiwa nimeshapanda. Wakisema si wangu, nitawarudisha kwa mkono wangu."

Nathanaeli alikaa akifikiri kwa muda ambao Damari aliuona mrefu kuliko kifo cha Lea. Kisha akamwambia Obadia, "Wewe umesema kweli mbele yangu wakati uongo ulikuwa rahisi. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Nikimpa, utakuja kunigombeza?"

"Sitakugombeza," Obadia alisema. "Sijasema nimekubali. Nimesema sitakugombeza."

Ng'ombe walirudi jua likiwa limeshuka. Yule jike alikuja mbele, mkia wake mfupi ukipigapiga bila kufikia nzi, na Damari alimwona kwa mara ya kwanza. Madume walikuwa nyuma yake, mmoja mwekundu kama mama yake, mmoja mweusi. Walifungwa kamba shingoni, na walipovutwa walikaza miguu. Ng'ombe wasiozoea kamba hawaendi kwa kuvutwa tu, lazima mtu awe nyuma. Nathanaeli alikuwa mzee kwa safari hiyo, na vijana wake walikuwa ndiyo kwanza wanaingiza ng'ombe wengine.

Obadia alikata fimbo kwenye ua, akaishika baiskeli kwa mkono mmoja na fimbo kwa mkono mwingine, akasimama nyuma yao. Akapiga mluzi. Madume wakaenda.

Walitembea hivyo, Damari mbele na kamba mbili zimezungushwa kiganjani, Obadia nyuma na baiskeli. Upepo ulibadilika ukawa na harufu ya udongo uliolowa mahali fulani mbali.

"Mweusi anachechemea," Obadia alisema baada ya muda.

"Nimeona."

"Ni kwato. Siyo kubwa."

Wakaenda tena. "Na dada yangu naye mmemweka kwenye mchezo," Obadia alisema. "Eti ndiye mnyang'anyi."

"Ilikuwa ni kukubadilisha wewe, shemeji."

"Afadhali mngeniacha. Dada akisikia, kikao kitakuwa cha mwaka mzima."

Damari nusura acheke. Hakucheka, kwa sababu walikuwa wamefika njia panda.

Njia ya kushoto ilikwenda kwake, hatua mia tatu. Ya kulia ilikwenda kwa Obadia, na kutoka huko zilisikika kengele za maksai wake wanaofungwa. Madume wakainua vichwa, wakanusa. Wakageukia kulia, wote wawili kwa pamoja, kwa nguvu ambayo hawakuwa wameionyesha njia nzima. Kamba zikamkaza Damari vidole. Alivuta, visigino vikachimba vumbi, akavutwa hatua moja, akavutwa mbili. Aligeuka akamwona Obadia amesimama na fimbo imeshuka. Hakuhitaji kufanya kitu. Angesimama tu hivyo hivyo, na ng'ombe wangekwenda wenyewe mpaka ndani ya zizi lake, na kesho ingekuwa habari ya kikao.

"Shemeji," Damari alisema. "Zuia."

Obadia aliangalia upande wa kwake. Kisha alipita mbele ya madume, akailaza baiskeli katikati ya njia ya kulia, akasimama juu yake amepanua mikono. Dume mwekundu alikuja mpaka akagusa gurudumu kwa pua, akapiga chafya, akageuka. Mweusi akafuata.

"Nira yangu ni ya ng'ombe wakubwa," alisema akiwa bado amesimama hapo. "Itawachubua hawa."

"Nitatafuta fundi wa kunichongea."

"Wiki hii? Kila fundi ana foleni." Aliinamia baiskeli, akaangalia kama mnyororo umetoka. "Nitakuja asubuhi kuwapima. Sijasema nimekubali."

"Nimesikia, shemeji."

Akaondoka bila kupanda, akiisukuma.

Nyumbani, Pendo alikuwa amerudi, akatoka mbio akasimama mlangoni haamini. Damari hakumweleza. Aliwafunga madume kwenye nguzo mbili za ua, akajaribu mafundo, akayajaribu tena. Kisha alichana ukingo wa kanga ya igizo, akauzungusha kwenye shingo ya mwekundu, akaweka fundo mahali ulipokutana. Akachana mwingine kwa ajili ya mweusi. Kama Obadia angekuja asubuhi, vipimo vya nira vingekuwa tayari. Kama asingekuja, angevipeleka kwa fundi mwenyewe kabla jua halijawa kali.

"Mama, kaa basi," Pendo alisema.

"Shika hapa," Damari alimwambia. "Shika sana, anatikisa kichwa."